Maji Yakishapungua, Usikimbilie Meni Swichi

Kila masika kubwa Dar es Salaam huwa na asubuhi yake. Mvua imekatika usiku wa manane, Mto Msimbazi umerudi kwenye mkondo wake, na watu wa bondeni wanarejea majumbani na mafagio, machepe na ndoo. Magodoro yanatolewa nje yakiwa yamevimba. Tope linazolewa. Kila ukuta una mstari wa udongo unaoonyesha maji yalifika wapi, na watoto wanapimana nao kimo. Kabla hata chai haijachemka, mtu anauliza, "Umeme umerudi?" Mwingine, bila kujibu, anakwenda kwenye meni swichi kuijaribu.

Nayaandika haya kwa ajili ya huyo anayekwenda kujaribu.

Mimi ni fundi umeme. Zaidi ya miaka ishirini nimefunga nyaya katika nyumba za Magomeni, Kigogo na Mburahati, na tangu mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyofanya watu wa bondeni wapelekwe Mabwepande, sehemu kubwa ya kazi zangu za masika ni kufungua visanduku vilivyozama. Mwaka 2018, mafuriko ya Aprili yalipopita, niliitwa kwenye nyumba moja ya vyumba sita huko Kigogo. Maji yalikuwa yamefika kifuani. Meni swichi ilikuwa ukumbini nyuma ya mlango, chini kidogo ya kifua, kwa sababu aliyeifunga miaka hiyo alitaka hata mtoto aweze kuizima. Bibi mwenye nyumba alikuwa amekaa nje juu ya beseni lililopinduliwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo imeshakauka. Mlango uko wazi siku mbili, jua linaipiga. Wewe washa tu tupate mwanga."

Kwa nje alikuwa na haki. Kisanduku alikuwa amekipangusa kwa kanga kuukuu, kinang'aa. Nilipotoa kifuniko nikakuta tope bado bichi, laini kama uji wa ulezi, limejikusanya nyuma ya breka pale nyaya zinapoingilia. Skrubu za baa ya nyutro zimeshaanza kuota kutu ya kijani. Nikachomoa breka moja, nikaipindua juu ya kiganja, yakatoka maji ya kahawia kama vijiko viwili. Breka hiyohiyo ukiigusa ilikuwa inapanda na kushuka vizuri kabisa, tak, tak, kana kwamba haijawahi kuona mto.

Nikampelekea bibi kiganja. Akakitazama, akakunja uso, akasema, "Basi niletee kibatari."

Watu wengi hawapati bahati ya kuona hayo maji kiganjani. Wanaona kisanduku kikavu, wanasikia tak, wanaamini. Breka hufungwa kiwandani kwa riveti. Haikuundwa ifunguliwe, isafishwe, ifungwe tena. Ndani mna springi, koili ndogo, kipande cha metali mbili kinachopinda kikipata joto, na ncha mbili zinazogusana. Vyote hivyo vimepangwa kwa kipimo ili siku ya shoti ncha hizo zitengane kufumba na kufumbua. Punje ya mchanga chini ya springi inatosha kuharibu hesabu yote.

Na maji yenyewe si ya bomba. Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu, unapita pembeni mwa machinjio ya Vingunguti, unapokea ya gereji, ya vyoo vya shimo na ya majalala, ndipo unafika Jangwani na kumwaga baharini karibu na daraja la Selander. Yakikauka ndani ya kisanduku, yote hayo yanabaki kama utando mwembamba wenye chumvi. Na chumvi unaijua: iache kwenye kikombe wazi wakati wa mvua, asubuhi utaikuta imelowa yenyewe. Utando ule hufanya vivyo hivyo. Mchana unakauka, usiku unavuta unyevu wa hewa ya pwani, umeme unaanza kutambaa juu yake kutoka kwenye waya wa moto kwenda kwenye bati la kisanduku. Ndiyo maana kisanduku kilichoonekana kimepona wiki ya kwanza huungua wiki ya tano au ya sita, wakati kila mtu ameshasahau mafuriko.

Kutu nayo ina mchezo wake. Ikiingia kati ya skrubu na waya, mgusano unakuwa mgumu kupitisha umeme. Chukua mfano: ugumu wa sehemu moja ya kumi ya omu, umeme wa ampia 20 unapita kwa sababu jiko na pasi vinatumika pamoja. Zidisha ishirini kwa ishirini, halafu kwa hiyo sehemu ya kumi, unapata wati 40. Hilo ni joto la kile chuma cha moto anacholehemea fundi redio, limewekwa ndani ya kisanduku chako cha plastiki, nyuma ya mlango, karibu na pazia. Breka haitalikata, maana kwake ampia 20 ni matumizi halali.

Ila ninachokiogopa zaidi ni breka iliyoshika kutu ndani ikakwama ikiwa imewaka. Taa zinawaka, friji inaunguruma, hakuna harufu, hakuna cheche. Siku waya zitakapogusana ndipo utajua kwamba haianguki. Chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme cha Marekani, NEMA, kina mwongozo juu ya vifaa vilivyozama, na kwa breka na fyuzi hauna maneno mengi: badilisha. Hao ndio wanaozitengeneza.

Sikuzaliwa na akili hii. Nikiwa kijana nilikausha kisanduku cha shangazi yangu Tandale kwa kikaushia nywele nilichoazima saluni ya jirani, nikapuliza dawa ya kutu, nikawasha. Taa zikawaka, nikasifiwa, nikapewa wali kwa samaki. Wiki ya nne akanipigia simu usiku: ukumbini kunanuka samaki na hakuna aliyepika samaki. Ile harufu ni ya plastiki ngumu ya vifaa vya umeme inayoungua polepole. Nilikuta baa ya nyutro imeshakula nusu ya kitako chake. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo sikaushi kisanduku cha mtu. Wapo mafundi wanaoosha breka kwa petroli au mafuta ya taa na kuzianika juu ya bati. Wakija kwako, wape maji ya kunywa waende.

Hadi hapa nimezungumzia kisanduku cha kisasa kilicholowa. Nyumba nyingi za bondeni zina kile cha zamani: sanduku la chuma lenye mkono pembeni, ndani fyuzi za kauri za kuchomoa, kila moja imefungwa uzi mwembamba wa waya. Ule uzi una kipimo. Wa ampia 5 una unene wa milimita 0.2, wa 15 milimita 0.5, wa 30 milimita 0.85. Sasa fungua chochote mtaani uone. Utakuta nyuzi za waya wa pasi zimesokotwa nne nne, utakuta karatasi ya sigara, na mimi nimeshakuta msumari. Fyuzi ya namna hiyo haiungui. Inasubiri nyumba iungue kwanza.

Hata hivyo, tuseme fyuzi zote ziko sawa na kisanduku hakijaguswa na tone la maji. Bado hakikuwekwa pale kwa ajili yako. Fyuzi na breka kazi yake ni kulinda nyaya zisiungue. Mtu si waya. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Mwili uliolowa, miguu majini, ugumu wake unaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Gawanya: inapita ampia 0.23, yaani miliampia 230. Miliampia kumi na kitu zinatosha kukaza misuli ya mkono usiweze kuachia ulichoshika, ndiyo ile watu wanaita kunaswa. Kuanzia 30, zikipita kifuani kwa muda, moyo unaweza kupoteza mpigo wake. Breka ya ampia 32 inaziona hizo miliampia 230 kama mbu. Haiwezi kuanguka hata ukibaki umenasa mpaka kesho.

Watu hunijibu, "Lakini nyumba yangu ina ethi." Sawa, tuiangalie. Ile nondo ya shaba iliyopigiliwa uani, kama haijaibiwa na wauza chuma chakavu, mara nyingi ina ugumu wa makumi ya omu ardhini. Tuchukue 46 ili hesabu iwe nyepesi. Friji ikilowa na waya wa moto ukagusa bodi lake, kutakuwa na ampia 5 zinazokwenda ardhini. Breka ya 16 au 32 haishtuki kwa ampia 5. Bodi la friji litabaki na moto siku nzima, ukilipia kwa uniti za LUKU, hadi mtoto atakapokwenda kuchukua maji baridi akiwa pekupeku.

Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, kinachoitwa RCD. Kinalinganisha umeme unaoingia nyumbani na unaorudi. Tofauti ikifika miliampia 30, kinakata ndani ya sehemu ya tatu ya sekunde au pungufu. Kina kitufe kidogo kimeandikwa herufi T. Kibonyeze mara moja kwa mwezi, kwa mfano siku unayonunua umeme: nyumba nzima ikizima, kizima, isipozima, kifaa kimekufa na hakuna atakayekuambia. Nacho kikizama kwenye mafuriko hakifai tena. Kisanduku cha zamani cha fyuzi za kauri hakina kitu kama hiki, na hilo peke yake linatosha kukibadilisha kabla hata mto haujafurika.

Sasa mvua zenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikishatoa tahadhari na wewe unaishi mahali ambapo maji hufika, zima umeme mapema, mikono mikavu, sakafu kavu. Usisubiri maji yafike kwenye meni swichi. Soketi za nyumba nyingi ziko futi moja hivi kutoka sakafuni, kwa hiyo maji yanazifikia zamani sana kabla ya kuikaribia swichi ukutani, na soketi moja iliyozama inatosha kutia umeme kwenye maji ya chumba kizima. Chomoa plagi zote. Ekstensheni ya sakafuni ndiyo ya kwanza kuondolewa. Watu huinua televisheni wakaiacha ekstensheni chini ya kitanda imejaa plagi tano.

Kama umechelewa na maji yameshaingia kwenye chumba chenye meni swichi, usiingie. Sisemi uingie kwa kandambili, sisemi uingie ukiwa umeshika ufagio wa plastiki. Usiingie. Toa watu, piga simu shirika la umeme, TANESCO, wakate kutoka nje, ngoja. Ukiwa tayari ndani ya maji na ukahisi miguu inawashwa au ganzi inapanda, usiendelee mbele hata hatua moja. Geuka taratibu urudi ulikotoka kwa hatua ndogo ndogo, miguu karibukaribu. Waya ulioanguka barabarani haugusiki wala haukaribiwi. Kaa mbali nao angalau mita kumi, na maji yakiwa yametanda kaa mbali zaidi. Usimtume kijana ausogeze na mti, kwa sababu mti uliolowa ni waya.

Mtu akinaswa, silika yetu ni kumrukia tumvute. Nimeshuhudia msiba wa watu wawili ulioanza na mmoja, na wa pili alikuwa ndugu yake. Kata umeme kwanza. Ukishakatwa, mlaze pakavu. Kama hapumui, weka viganja katikati ya kifua ukandamize kwa nguvu na kwa kasi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka apumue au msaada ufike. Akizinduka na kusema yuko salama, bado mpeleke hospitali.

Maji yakishatoka ndipo makosa mengi hutokea, na mengi yanatokana na neno moja: "Umeme umekatika." Mtaa mzima ukiwa gizani watu wanajiona salama, wanaanza kufungua visanduku na kukausha nyaya kwa mikono. Umeme ukirudi haupigi hodi. Wapo pia wanaoniambia, "Fundi, uniti zimekwisha, fanya kazi tu." Uniti zikiisha, kinachokata kiko ndani ya mita. Waya unaotoka kwenye nguzo hadi kwenye mita una moto uleule, uwe na uniti elfu moja au huna hata moja. Na ukizima meni swichi, umezima upande wa nyumba tu. Skrubu za upande unaoingia kutoka kwenye mita bado zina moto. Ndiyo maana kubadilisha kisanduku kilichozama si kazi ya kufanyika kimyakimya Jumapili. Shirika likate kwanza.

Tena uliza kama kuna umeme unaoingia kwa mlango mwingine. Siku hizi nyumba ina sola na betri, duka la mbele lina jenereta, na kuna ule waya wa jirani ambao mpangaji mmoja aliuvuta juu ya ukuta akiwa amegombana na mwenzake kuhusu bili. Nilishawahi kupigwa na huo waya wa jirani. Meni swichi ilikuwa imezimwa, mita ilikuwa imezimwa, na ukuta ulikuwa na moto.

Mita ikizama, usiifungue wala usikate lakiri yake. Ni mali ya shirika. Toa taarifa waje waibadilishe.

Kipi cha kutupa, kipi cha kubakiza? Kisanduku, fyuzi, breka na RCD vilivyoguswa na maji: tupa, na uvivunje ili asije mtu akavikusanya na kuviuza Kariakoo kama vipya. Soketi na swichi zote zilizo chini ya mstari wa udongo: tupa, ni za bei ndogo. Ekstensheni zilizozama pia. Nyaya zilizo ndani ya mabomba ukutani zina habari nyingine. Za plastiki, kama hazijachubuka, zinaweza kupona. Ila usikisie. Maji huingia mwisho wa waya na kusafiri katikati ya nyuzi zake, chini ya ganda, mbali na pale yalipoanzia. Fundi akate ncha, abadilishe viungio vilivyo chini ya mstari, kisha apime kwa kile kipimo tunachokiita mega, kinachosukuma volti 500 kuangalia kama umeme unavuja. Kikisoma chini ya megaomu 1, waya huo haurudi kazini. Zile nyaya za zamani zilizofunikwa mpira na kitambaa, zilizobaki kwenye baadhi ya nyumba kongwe, usizipime, zitoe zote.

Friji na pampu ya maji vinaweza kuokolewa na fundi wake, vikikaushwa vizuri na kupimwa kabla ya kuchomekwa. Televisheni iliyozama, mimi binafsi sikushauri upoteze pesa.

Halafu kuna jambo dogo ambalo watu huniona mshamba nikilisema. Kabla hujapaka rangi ukuta, pigilia msumari kwenye mstari wa udongo. Rangi ikishapakwa, baada ya mwaka mmoja kila mtu nyumbani atakuwa na kumbukumbu yake: mmoja atasema maji yalifika gotini, mwingine atasema kiunoni, na fundi atakayekuja atafunga soketi pale anapopata nafasi. Msumari unamaliza ubishi. Kisanduku kipya kikae juu ya huo msumari, angalau nusu mita, mahali mtu mzima anapofikia bila kupanda stuli. Kama maji yenu hupita kimo cha mtu, kisanduku hakina mahali pa kukaa chini. Kiwekwe ghorofani au, kama hakuna ghorofa, muanze kuzungumza juu ya kuhama.

Soketi zipandishwe juu ya msumari. Mwambie fundi nyaya zishuke kutoka darini, zisipande kutoka sakafuni, ili maji yakija yasikute bomba la waya limelala chini. Soketi ambazo ni lazima zibaki chini zipewe breka yake peke yake, uweze kuzizima na kuacha taa zikiwaka wakati mnaokoa vitu. RCD isikosekane, na ukiweza weka mbili, moja ya taa na moja ya soketi, maana kubaki gizani katikati ya maji nako ni hatari. Usidanganywe na kisanduku kinachouzwa kama kisichoingia maji. Vingi vimetengenezwa kuhimili mvua na kurashiwa. Mto ni kitu kingine.

Najua asilimia kubwa ya wanaosoma hapa si wenye nyumba. Ni wapangaji, chumba na sebule, LUKU moja kwa vyumba sita, na mwenye nyumba anaishi Mbezi, haji ila kuchukua kodi. Mpangaji hawezi kubadilisha kisanduku cha ukumbini, na mwenye nyumba haoni sababu kwa kuwa umeme unawaka. Nimeona njia moja inayofanya kazi mara nyingi kuliko kulalamika: wapangaji wanakubaliana, wanapata makadirio ya fundi kwa maandishi, wanampelekea mwenye nyumba pamoja na picha ya kisanduku kilichofunguliwa, wanaomba gharama ikatwe kwenye kodi miezi miwili mitatu. Picha ya tope ndani ya kisanduku huwa inazungumza. Akikataa, hamia chumba kingine kabla ya masika, na huko unakokwenda kaangalie meni swichi kwanza, dalali akuonyeshe vigae baadaye. Kama ukutani kuna alama ya maji juu ya kisanduku, umeshapata jibu lako.

Kuhusu fundi mwenyewe. Afunguaye kisanduku chako awe na leseni ya ufungaji umeme, ambayo Tanzania Bara hutolewa na EWURA. Kenya utaulizia ya EPRA. Muombe uione, fundi wa kweli hakasiriki. Pia muulize amekuja na vipimo gani. Akichomoa testa tu mfukoni, ile bisibisi yenye kitaa, mshukuru. Testa inaweza kukuambia kama kuna moto hapo. Haiwezi kukuambia kama waya unavuja, kama ethi inafaa, wala kama RCD inakata kwa wakati. Kazi ikiisha akuandikie alichopima na namba alizopata. Wengi wetu hatupendi kuandika, nakiri, lakini ukitudai tunaandika.

Gharama? Si ndogo kwa mtu aliyetoka kupoteza magodoro, na siwezi kujifanya sijui hilo. Kama pesa haitoshi kwa vyote, weka kisanduku kipya chenye RCD, washa taa za darini tu, na soketi ziache zimezimwa hadi utakapopata. Kulala na taa tatu bila televisheni mwezi mzima ni usumbufu. Nimewafanyia watu wengi usumbufu huo, na bibi wa Kigogo alinisema sana, kwa wiki tatu alikuwa anachaji simu kwa muuza duka.

Namba ya zimamoto Tanzania ni 114. Iandike kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya mlango, pamoja na namba ya huduma kwa wateja ya TANESCO na ile ya mita yako ya LUKU, juu ya msumari. Usiiweke kwenye simu peke yake, maana simu nayo hulowa.